Kijana Majeruhi Apimwe kwa Mizani Gani?

Hebu chukulia kwamba wewe ndiwe uliyekabidhiwa kazi hii. Mbele yako ameketi kijana wa miaka 18. Klabu kubwa imekwisha kumchagua, jina lake limetangazwa hadharani, na wazazi wake wamepongezwa na mtaa mzima. Lakini katika msimu uliotangulia kijana huyo alicheza michezo ya kuhesabika tu, kwani goti lake lilipasuliwa na madaktari. Sasa unaulizwa: je, huyu atafika wapi? Ukisema hafai, huenda ukazima taa iliyokuwa ndiyo kwanza inawashwa. Ukisema anafaa, klabu itatumia fedha na miaka ya kungojea ambayo hairudi.

Mchezo tunaouzungumza ni mpira wa magongo, ila si ule wa uwanjani ambao timu ya Tanzania iliucheza katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980. Huu ni wa barafuni, unaopendwa mno na watu wa Kanada. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ya nyayo, wakateleza kwa kasi na kugongana wakigombea kisahani kigumu cha mpira mweusi. Kila mwaka klabu za ligi kuu ya Marekani na Kanada hugawana chipukizi kwa zamu, mizunguko 7. Klabu zilizofanya vibaya hupewa nafasi za mbele, na bahati nasibu huamua ni ipi itakayotangulia. Kijana mwenyewe hachagui pa kwenda. Yeye huchaguliwa, na ile namba aliyochaguliwa nayo humfuata kama kivuli.

Mwezi Juni mwaka 2012 klabu hizo zilikutana mjini Pittsburgh. Mwaka huo wasaka vipaji walikuwa na kazi ngumu kupita kiasi, kwa sababu vijana wawili waliosifiwa sana walikuwa wameukosa karibu msimu wote. Wa kwanza ni Alex Galchenyuk, mshambuliaji wa timu ya vijana ya Sarnia. Msimu wa 2010–11, akiwa mtoto wa miaka 16 alipouanza, alifunga magoli 31 na kutoa pasi 52 za magoli katika michezo 68. Kisha mwezi Septemba 2011, kabla hata ligi haijafunguliwa, aliumia goti. Alirudi mwishoni, akacheza michezo miwili ya ligi na sita ya mtoano. Wa pili ni Morgan Rielly, beki wa timu ya Moose Jaw, ambaye naye kano ya goti lake ilikatika mwezi Novemba 2011 alipokuwa amecheza michezo 18 tu.

Inafaa tueleze kidogo jeraha lenyewe, maana ndilo lililowatisha wengi. Ndani ya goti ipo kano inayouzuia mfupa wa muundi usichomoke mbele ya mfupa wa paja, na inayolifanya goti litulie mtu anapogeuka ghafla. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi yenyewe ikawa kama zamani. Mpasuaji huchukua kipande cha kano kutoka mahali pengine, aghalabu mbele ya goti au nyuma ya paja la mgonjwa mwenyewe, akakipitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Kipande hicho hakianzi kazi siku ile ile. Katika miezi ya mwanzo hulegea kwanza, kisha taratibu mwili hukigeuza kuwa kano mpya. Ndiyo sababu madaktari wengi siku hizi husisitiza subira ya miezi 9 au zaidi, na husema wazi kuwa wanamichezo vijana, wanaorudi mapema na kwa pupa, ndio wenye hatari kubwa ya kuumia tena, ama goti lile lile ama la pili.

Kwa hiyo wenye hofu hawakuwa wajinga. Hata hivyo Montreal ilimchukua Galchenyuk katika nafasi ya 3, na Toronto ikamchukua Rielly katika nafasi ya 5. Meneja mkuu wa Toronto wakati huo, Brian Burke, aliwaambia waandishi wa habari kuwa katika orodha ya klabu yake kijana huyo alikuwa namba moja. Wapo waliocheka. Kwa maoni yangu hapakuwa na la kuchekesha: Toronto haikulitazama goti peke yake, ilimtazama mchezaji aliyekuwapo kabla ya goti kuumia.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mwaka wa kuugua haukupi habari nyingi juu ya uwezo wa mtu. Ungelikuwa mkuu wa karakana, usingempima fundi wako kwa miezi aliyolazwa hospitali. Ungeuliza kazi aliyoifanya kabla ya hapo, kisha ungengoja uione ile atakayoifanya baada ya kupona. Galchenyuk alikuwa na msimu mzima nyuma yake, tena akicheza na vijana waliomzidi umri. Rielly alikuwa na jicho la kuona pasi kabla wenzake hawajaiona, na jicho hilo halikai gotini.

Baada ya kuchaguliwa, basi, mtazamaji mwenye busara huangalia nini? Magoli ya miezi ya kwanza yasimshughulishe sana. Aangalie hatua mbili za kwanza kijana anapoanza kukimbia. Aangalie anapogeuka kwa upande wa mguu ulioumia: je, anauegemea kwa uzito wote, au anazunguka njia ndefu ili asiutegemee? Kwa beki jambo hili ni kubwa zaidi, kwani yeye huteleza kinyumenyume huku adui anamjia usoni, kisha hutakiwa kugeuka mara moja na kufukuza. Na aangalie kisahani kinapoingia pembeni, kwenye ukuta wa mbao, mahali ambapo mwenye kukifuata anajua kuwa atagongwa. Mguu unaweza kupona na moyo ukabaki na woga. Daktari ana vyombo vya kupima nguvu ya paja. Kusita kwa nusu sekunde hudhihirika mchezoni, na huhitaji mtu mwenye saburi ya kukaa jukwaani usiku baada ya usiku.

Toronto ilikuwa na saburi hiyo. Msimu wa 2012–13 Rielly alirudishwa kwa vijana wenzake Moose Jaw, akapata pointi 54 katika michezo 60. Hapo swali la goti lilikuwa limejibiwa vya kutosha. Aliingia ligi kuu mwezi Oktoba 2013. Msimu wa 2018–19 alifunga magoli 20 na kutoa pasi 52 za magoli, hesabu kubwa kwa beki. Mwaka 2021 akatia saini mkataba mpya wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 60, na hadi msimu wa 2024–25 ulipomalizika alikuwa amepita michezo 850 ya ligi, yote na klabu ile ile iliyomchagua.

Galchenyuk yeye aliingizwa mapema, Januari 2013, akiwa bado na miaka 18. Goti halikumwangusha: msimu wa 2015–16 alifunga magoli 30. Lakini baadaye alihama klabu moja hadi nyingine, na ile nyota iliyotabiriwa haikung'aa kwa muda mrefu. Mabishano juu yake Montreal yalihusu kama achezeshwe kati au pembeni, na kama analinda vya kutosha.

Tusidanganyane, hata hivyo, tukasema jeraha ni kitu kidogo. Katika mkutano ule ule wa Pittsburgh, klabu ya Columbus ilimchukua beki Ryan Murray katika nafasi ya 2. Alisifiwa kwa utulivu, mchezo wake ukilinganishwa na wa mtu mzima. Miezi mitano haijatimia, aliumia bega, gegedu likachanika, akapasuliwa na msimu ukaishia hapo. Alipona na kuingia ligi kuu. Lakini msimu wa 2014–15 alicheza michezo 12 tu. Mwaka uliofuata alicheza yote 82, watu wakasema sasa mambo yamekaa sawa. Hayakukaa. Baada ya hapo hakuwahi tena kumaliza msimu bila kukosa michezo mingi. Jeraha moja kubwa lenye jina na tiba inayofahamika linaweza kuwekewa hesabu. Linalotisha ni mfululizo: leo bega, kesho kifundo cha mguu, keshokutwa mgongo. Kila mara kijana anarudi, na kila mara anaanza upya wakati wenzake wanaendelea.

Na wakati mwingine watu hulinda mlango huu, mwizi akapita dirishani. Mwaka 2017 Philadelphia ilimchukua Nolan Patrick, naye katika nafasi ya 2, huku mazungumzo yote yakihusu upasuaji wa tumbo la chini aliofanyiwa mwaka 2016, pamoja na michezo aliyoikosa. Kilichomzuia baadaye kilikuwa kipandauso, kilichomfanya aukose msimu mzima wa 2019–20. Jumla alicheza michezo 222 katika ligi hiyo.

Vijana wanne ni wachache mno kuweza kutoa kanuni. Isitoshe, wale waliopona wakafanikiwa ndio tunaowakumbuka. Walioumia wakarudi kimya kwa wazazi wao hawaandikwi magazetini. Lakini mtu anayeogopa majeruhi na kukimbilia wazima naye hana dhamana. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa mwaka 2012 alikuwa Nail Yakupov, aliyekwenda Edmonton. Alipofika umri wa miaka 24 alikuwa ameondoka katika ligi. Wa nne, Griffin Reinhart, alicheza michezo 37 tu ya ligi kuu maishani mwake.

Kwa mzazi ambaye mwanawe yumo katika hali kama hii, hata kama mchezo ni kandanda na uwanja ni wa shule ya jirani, swali la kumwuliza daktari lisiwe "atarudi lini?" peke yake. Aulize pia nguvu ya mguu ulioumia imeufikia mguu mzima kwa kiasi gani, na nani atakayeipima kabla mtoto hajaruhusiwa kukimbia na wenzake. Kocha mwenye fainali Jumamosi asiwe ndiye wa kulijibu.

Murray mwenyewe aliuzwa na Columbus mwaka 2020 kwa thamani ya nafasi ya kuchagua chipukizi mmoja katika mzunguko wa 5. Msimu wa 2021–22 alikuwamo katika kikosi cha Colorado, klabu hiyo ilipotwaa Kombe la Stanley. Katika michezo 82 ya ligi ya msimu huo, yeye alicheza 37.