Cheo si tabia: vyeo vya jeshi katika mchezo wa mezani wa kujenga amani



Katika mitaa ya Kindu, iwe Kasuku, Mikelenge au ng'ambo ya mto huko Alunguli, wapo vijana wanaoitwa «Koloneli» au «Kapiteni» ingawa hawana sare wala silaha. Baadhi yao walipita katika makundi yenye silaha. Wengine jina liliwashika tu kwa sababu ya kaka au rafiki. Wapo pia watu wazima, baba wa watoto, ambao bado wanaitwa «Kadogo», jina la watoto waliobebeshwa bunduki katika vita vya 1996 na 1997.

Jina kama hilo lina uzito. Mjomba anasita kumkemea kijana ambaye rika lake linamwita Koloneli. Mama mwenye nyumba anaogopa kumdai kodi. Familia ya deplase iliyopata hifadhi katika avenyi ileile haijui imheshimu au imkimbie. Kijana mwenyewe, hata akitaka kujifunza ufundi au kulima shamba la muhogo, anarudishwa porini kila anaposalimiwa.

Katika makala hii tunaeleza chombo kimoja kinachoweza kusaidia familia, vijana na viongozi kuzungumza juu ya jambo hili bila kumnyoshea mtu kidole: mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, ambamo cheo cha jeshi ni sehemu ya mhusika.

Mchezo huu ni wa namna gani?

Watu watano hadi saba wanakaa kuzunguka meza au mkeka. Kila mmoja anapewa kadi inayoeleza mtu ambaye si yeye. Mwongozaji anasimulia hali fulani, kwa mfano: «Ni saa kumi na moja jioni, mmefika kwenye barieri, na kamba imefungwa.» Kila mchezaji anasema mtu wake anafanya nini. Hakuna jukwaa, na hakuna haja ya kuwa hodari wa kuigiza. Mtu anaweza kusema tu: «Huyu mama wangu anatua mzigo, anasalimia.»

Michezo ya aina hii ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, pale Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Wote wawili walikuwa wachezaji wa michezo ya vita ya mezani, kwa hiyo mambo ya jeshi yalikuwepo tangu mwanzo. Mwaka 1977 Marc Miller alitoa mchezo mwingine, Traveller, unaotufaa zaidi. Humo mchezaji hampi mhusika wake cheo kwa kupenda tu. Anampitisha katika utumishi wa miaka minne minne, kwa mfano katika jeshi la nchi kavu au la majini, na kila kipindi anatupa dadu kuona kama ameponea, amepewa kamisheni au amepandishwa cheo. Mhusika anaweza kufa kabla mchezo haujaanza. Akiponea, kwa kawaida anaingia mchezoni akiwa ameshaacha utumishi. Cheo chake ni historia aliyobeba pamoja na ujuzi, pesa kidogo na umri uliokwenda.

Kwa sisi tunaopokea watu waliotoka porini, wazo hilo linagusa jambo halisi. Hadithi inaanza siku mtu anapovua sare.

Cheo kimetoka kwa nani?

Watu wengi wakitengeneza mchezo kwa mara ya kwanza huandika kwenye kadi: «Koloneli: jasiri, mkali, hodari.» Hapo cheo kimegeuzwa kuwa tabia. Lakini sote tunajua maajida wenye busara na majenerali waoga. Cheo hakisemi moyo wa mtu ukoje. Kinasema nani anaweza kumwamuru nani, na nani amemkabidhi uwezo huo. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye kadi liwe: cheo hiki umepewa na nani?

Hapa kwetu majibu ni mengi. Kuna cheo cha jeshi la taifa, kinachotolewa na serikali na chenye mstari wa amri juu yake na chini yake. Kuna cheo cha porini, ambacho kamanda hujipa mwenyewe au huwagawia watu wake ili wasimwache. Baada ya makubaliano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002, wapiganaji walipopitishwa katika vituo vya brasaji ili kuunda jeshi moja, kila kundi lilifika na vyeo vyake, na swali la cheo gani kitambuliwe lilikuwa gumu sana.

Kuna pia vyeo visivyohusiana na bunduki kabisa. Wazee wa Kilega, huko Pangi na kwingineko, wanajua ngazi za bwami hadi ile ya juu iitwayo kindi. Mtu hupanda kwa kuungwa mkono na ndugu zake, kwa kukusanya mali ya kugawa, na kwa mwenendo unaokubalika. Anafundishwa kwa methali na kwa vitu vilivyochongwa. Mgomvi hasifiwi huko.

Tena kulikuwa na ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilienea bara pamoja na askari na wapagazi, hadi miji ya migodi ya Katanga. Wachezaji walijipa vyeo: mfalme, jenerali, kapiteni. Walivaa kama wanajeshi na kuandamana kwa bendi. Lakini chama chenye vyeo hivyo kilisaidia pia wagonjwa na kuzika wafu. Jenerali wa Jumapili alirudi kazini Jumatatu kama karani au kibarua, na hakuna aliyeona ajabu.

Kadi ya mhusika

Kata karatasi ngumu, andika mambo haya:

1. Jina la mchezo. Lisiwe la mtu anayejulikana.
2. Umri na familia.
3. Tabia mbili, kwa mfano: «mvumilivu», «ana hasira za haraka», «anajua kusema kwa upole».
4. Jambo moja analoliogopa.
5. Cheo, kama anacho, kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa kwa pini ili kiweze kutolewa.
6. Nani alimpa cheo hicho, nani yuko juu yake, nani yuko chini yake.

Kwa mchezo wa barieri, wahusika watano wanatosha: kapiteni wa miaka 26, ajida wa miaka 48 mwenye watoto sita, mama deplase mwenye gunia la mchele, chefu wa kijiji, na kijana aliyeacha silaha ambaye bado anaitwa Koloneli.

Kanuni nne

Kanuni ya kwanza: cheo kina mpaka. Weka kwenye kikombe maharagwe sita, matatu meupe na matatu mekundu. Jambo lisilo na uhakika likitokea, mchezaji anachota moja bila kuangalia. Jeupe amefaulu, jekundu ameshindwa. Tabia inayosaidia inaongeza haragwe jeupe moja. Cheo nacho kinaongeza jeupe moja, lakini tu kama anayeamriwa yuko chini ya mtu huyo katika mstari wake wa amri. Kapiteni akimwamuru ajida wake, anaongeza. Akimwamuru mama mwenye gunia, haongezi, kwa sababu raia si askari wake. Kijana anayeitwa Koloneli haongezi kwa yeyote.

Hapo mtu atauliza: na bunduki je? Ni swali la haki. Bunduki iwe na haragwe lake. Mwenye silaha anaweza kuliongeza, lakini kila akilitumia mwongozaji anaandika ukutani neno moja: BUNDUKI. Mwisho wa mchezo kikundi kinahesabu ni mara ngapi watu walitii cheo, na mara ngapi waliogopa silaha tu. Hesabu hiyo hufungua mazungumzo kuliko hotuba.

Kanuni ya pili: kila amri ina mwenyewe. Anayetoa amri anaitia sahihi kwenye daftari kwa jina la mhusika wake. Mwishoni daftari linasomwa kwa sauti. Haya si mambo ya mchezo tu. Mwezi wa Februari 2011 mahakama ya kijeshi iliyosafiri hadi Baraka, Kivu ya Kusini, ilimhukumu liyetena-koloneli wa jeshi la taifa miaka 20 jela, pamoja na baadhi ya askari wake, kwa ubakaji na mateso waliyofanyiwa wakaaji wa mji wa Fizi siku ya mwaka mpya. Cheo chake hakikumfunika. Mahakama ilimwajibisha kwa yale askari wake waliyotenda.

Kanuni ya tatu: mkubwa hajui kila kitu. Anayecheza kapiteni akae mbali na meza, apate habari kwa ujumbe tu. Maofisa wa Prussia walifanya mazoezi ya namna hii tangu miaka ya 1820, katika mchezo wao wa vita wa mezani. Wachezaji wataona haraka jinsi habari mbaya inavyozaa amri mbaya, na jinsi chefu mwenye subira anavyoweza kupeleka habari sahihi.

Kanuni ya nne: cheo kinavuliwa. Katikati ya mchezo mwongozaji anatangaza kwamba miaka miwili imepita. Kila mwenye cheo anatoa pini na kuweka karatasi ya cheo mezani. Mchezo unaendelea. Kapiteni wa jana sasa anaomba shamba kwa chefu aliyemfungia barieri. Ana tabia zake mbili, familia yake, na daftari lenye sahihi zake. Mara nyingi hapa ndipo watu hunyamaza, kisha huanza kusema mambo ya kweli.

Tahadhari kwa viongozi

Chombo hiki kinaweza kuumiza kikitumiwa ovyo. Tafadhali zingatieni:

- Mjulisheni chefu wa avenyi au wa kijiji kabla ya kuanza. Kikao cha vijana wanaosema habari za vyeo kinaweza kudhaniwa ni uandikishaji.
- Msitaje kundi lolote la kweli wala kabila. Barieri iwe ya nchi isiyo na jina.
- Aliyewahi kuwa mpiganaji asipewe kadi ya mpiganaji, sembuse cheo alichokuwa nacho. Mpeni kadi ya chefu, ya mwalimu au ya mama mwenye gunia.
- Watoto wasipewe kadi za askari. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inamlinda mtoto dhidi ya kuingizwa katika majeshi na makundi yenye silaha. Tusimrudishe huko hata kwa mchezo.
- Msitumie bunduki za mti wala fimbo. Haragwe linatosha.
- Wanawake wapewe pia kadi za wenye kuamuru. Mazungumzo hubadilika.
- Mtu akianza kutetemeka, kulia au kukasirika, simamisheni mchezo. Mtu mmoja anayeaminika atoke naye nje, na kama inahitajika ampeleke kwa mshauri wa kisaikolojia au kituo cha afya.
- Waambieni wachezaji waziwazi: mchezo haufundishi kubishana kwenye barieri ya kweli. Pale, uhai kwanza. Unafundisha kukumbuka nani alitoa amri, yuko chini ya nani, na baadaye malalamiko yapelekwe wapi: kwa chefu, kwa shirika la haki za binadamu, au kwa oditora, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi.

Baada ya mchezo

Tengeni muda wa mazungumzo usiopungua muda wa mchezo wenyewe. Kwanza kila mtu aseme jina lake halisi na arudishe kadi. Karatasi za vyeo zichanwe mbele ya wote. Asiitwe mtu «kapiteni» wakati wa kwenda nyumbani, hata kwa utani, maana majina ya namna hii huanza kwa utani.

Kisha jadilini maswali haya:

1. Ni amri ipi katika daftari ambayo aliyeitoa angependa kuifuta? Je, inafutika?
2. Neno BUNDUKI limeandikwa mara ngapi? Bila hilo, nani angesikilizwa?
3. Baada ya vyeo kuvuliwa, nani alipokelewa vizuri, na kwa sababu ipi?
4. Katika avenyi yetu kuna nani tunayemwita kwa cheo cha vita? Mama yake alimpa jina gani?
5. Nani kati yetu atakuwa wa kwanza kumwita kwa jina hilo, na lini?