Kompyuta moja yatosha kufunza ufundi wa mitandao

KIJANA wa Mashimoni, Kibera, anayetamani ufundi wa mitandao ya kompyuta hukabiliwa na kikwazo cha gharama: swichi, nyaya na kompyuta kadhaa za kufanyia majaribio zahitaji fedha asizokuwa nazo.

Hata hivyo, haja ya ufundi huo ipo mlangoni pake. Taasisi ya Tunapanda iliunganisha shule na vituo vya vijana mtaani Kibera kupitia mtandao wa jamii uitwao TunapandaNET.

Njia ya kukwepa gharama hiyo ni mashine pepe, yaani kompyuta zinazoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Programu ya VirtualBox, iliyotolewa mwaka wa 2007, hupatikana bila malipo. Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8 huweza kubeba mashine tatu nyepesi za Linux, kila moja ikitengewa gigabaiti 1.

Mashine mbili huwa za watumiaji. Ya tatu huwekewa programu huria ya Open vSwitch na kadi mbili za mtandao, ikawa ndiyo swichi.

Baada ya programu kuwekwa, kadi zote huelekezwa kwenye “Internal Network” katika mipangilio ya VirtualBox. Kadi ya mashine ya kwanza na kadi moja ya swichi hupewa jina moja la mtandao, tuseme waya1. Nyingine mbili huitwa waya2. Kila jina ni sawa na waya mmoja.

Kadi za swichi kisha hufungamanishwa ndani ya Open vSwitch, nazo mashine za watumiaji hupewa anwani 10.0.0.1 na 10.0.0.2, zote zikiwa na kinyago cha 255.255.255.0.

Hapa ndipo wengi hukwama. Amri ya ping hukosa jibu ilhali kila kitu chaonekana sawa. Sababu ni kwamba VirtualBox huinyima kadi data iliyoelekezwa kwa kadi nyingine, na kazi ya swichi ni kupokea na kupitisha data ya wengine. Dawa ni kuteua “Allow All” katika kadi zote mbili za swichi.

Kosa kama hilo katika mtandao halisi lingewakatia wanafunzi mawasiliano. Katika mashine pepe, mwanagenzi hulirekebisha akaendelea, bila hasara ila ya muda wake.