Adui wa Vijidudu vya Vidonda

Mkulima anayefyeka kwa panga au kukaza waya wa ua hakosi kidonda, na kwa kawaida hupona. Lakini siku hizi madaktari wanaona vidonda vinavyotoa usaha kwa wiki nyingi, na dawa zilizokuwa zikiviponya hazifai kitu, maana vijidudu vimezizoea. Sababu moja twaijua sote: dawa hununuliwa bila cheti, humezwa siku mbili, na kidonda kikianza kukauka zilizobaki huwekwa darini.

Kwa hiyo wataalamu wameirudia dawa ya zamani. Inaitwa bakteriofaji, nayo ni virusi, kitu kidogo kuliko kijidudu chenyewe. Hukishika kijidudu, hutia mbegu yake ndani na kuzaana humo, mpaka kijidudu kipasuke na bakteriofaji wengi watoke kutafuta vingine. Mwili wa mtu hawaushambulii.

Félix d'Hérelle, wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, alitangaza habari zao mwaka 1917, baada ya kuwaona katika kinyesi cha askari waliougua kuhara damu. Mwaka 1919 yeye na madaktari wenzake waliinywa dawa hiyo kwanza, ndipo wakampa mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mgonjwa sana, naye akapona. (Laiti kila mwuza dawa sokoni angefanya hivyo!) Mwaka 1921, huko Ubelgiji, Bruynoghe na Maisin waliidunga kando ya majipu yaliyopasuliwa, na uvimbe ukapungua kwa siku moja au mbili.

Penisilini ilipoenea, nchi nyingi ziliiacha dawa hii. Tbilisi, nchini Georgia, hawakuiacha. Taasisi iliyoanzishwa na George Eliava mwaka 1923 ingali ikitibu vidonda kwa njia hiyo.

Ugumu wake ni kwamba kila bakteriofaji ana kijidudu chake. Anayeua cha jipu hakigusi cha kidonda cha moto. Daktari hana budi kuchukua usaha, kuupima, na kutafuta anayefaa, ambaye mara nyingi hupatikana katika maji machafu. Tena dawa yenyewe huharibika. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba watu walioungua moto huko Ufaransa na Ubelgiji walipata nafuu polepole kuliko waliopakwa malhamu ya kawaida, kwa kuwa dawa ilikuwa imepungua nguvu kabla ya kutumiwa.

Mjini Nairobi imejaribiwa kwa panya. Katika dispensari zetu haimo bado, na anayekuuzia chupa yake sokoni anakudanganya. Wala usioshe kidonda kwa maji ya mtaro ukidhani utawapata bakteriofaji humo. Kioshe kwa sabuni na maji yaliyochemshwa yakapoa, kifunge kwa kitambaa safi, na kama ni kirefu nenda upesi ukadungwe sindano ya pepopunda. Ukimaliza dawa zote ulizopewa na usaha ungali ukitoka, mwombe daktari aupeleke ukapimwe, ijulikane ni dawa gani itakayofaa.