Njia ya Uprofesa katika Vyuo Vikuu vya Ufundi vya Ujerumani

Vyuo vikuu vya ufundi vya Ujerumani vilianza kama shule za wahandisi, na kwa muda mrefu havikuhesabiwa miongoni mwa vyuo vya wasomi. Cha Karlsruhe kilifunguliwa mwaka 1825, cha Munich mwaka 1868 na cha Aachen mwaka 1870, lakini shahada ya uzamivu ilibaki mikononi mwa vyuo vya kale vilivyofundisha teolojia, sheria na tiba. Mwaka 1899 Kaisari Wilhelm II aliwapa wahandisi wa Prussia shahada yao wenyewe, Dr.-Ing. Vyuo vya kale vilinung'unika, ikabidi jina la shahada hiyo liwe la Kijerumani, si la Kilatini, ili wenye nayo wasichanganywe na madaktari wa zamani. Leo alama hiyo ya kutengwa imegeuka fahari, na mhandisi anayejiheshimu hasahau kile kistari kilichomo katikati.

Kijana aliyemaliza shahada ya uzamili kwa kawaida haanzi uzamivu kama mwanafunzi tu, bali huajiriwa. Mwajiri wake kwa jina ni chuo. Kwa hakika anaingia katika himaya ya profesa mmoja, iitwayo kiti, yenye ofisi zake, katibu wake, karakana yake na mafundi wake, pengine na ukumbi mzima wa mitambo ya majaribio. Msimamizi wake huitwa baba wa udaktari, au mama akiwa mwanamke, na uhusiano huo huendelea hata baada ya masomo. Katika uhandisi mshahara mara nyingi huwa kamili, ilhali wenzake wa historia na fasihi hupewa nusu ya nafasi. Kwa mshahara huo husahihisha mitihani, husimamia mazoezi ya maabara, huandika maombi ya fedha na kufanya utafiti ulioagizwa na viwanda. Tasnifu huandikwa katika saa zinazobaki, na ndiyo maana miaka minne au mitano hupita kabla haijakamilika.

Maisha ya kila siku yana adabu zake. Vijana wa kiti kimoja huitana kwa majina ya kwanza. Profesa huitwa kwa jina la ukoo na kuzungumzwa naye kwa heshima, ingawa desturi hiyo sasa inalegea. Mhadhara uliotangazwa kuwa wa saa nne huanza saa nne na robo, na ukiisha wasikilizaji hawapigi makofi bali hugonga meza kwa vifundo vya vidole. Mwenye busara hujuana mapema na katibu na fundi mkuu wa karakana: barua isiyopita kwa mmoja na kifaa kisichochongwa na mwingine vinaweza kuchelewesha utafiti kuliko ugumu wowote wa hesabu.

Siku ya kutetea tasnifu ina sherehe yake. Wenzake huwa wamekwisha kumtengenezea mtahiniwa kofia, kwa kawaida ya kadibodi nyeusi, iliyobandikwa vipande vya mtambo aliohangaika nao, picha zake na utani juu ya mazoea yake. Profesa naye hasalimiki. Mtahiniwa akitoka amefaulu, huvishwa kofia hiyo mbele ya wazazi na marafiki. Hata hivyo, kwa kawaida hawezi kutumia cheo cha daktari mpaka tasnifu ichapishwe na hati ya shahada itolewe.

Baada ya hapo wengi huondoka, nao hawaonwi kuwa wameshindwa. Kwa mila ya huko, chuo hakimpi kiti kwa urahisi mtu kiliyemlea chenyewe, ili profesa asije akamrithisha kipenzi chake. Anayetaka kupanda lazima atoke, na kwa mhandisi kutoka maana yake ni kwenda kiwandani. Fani nyingine hudai tasnifu ya pili, ya ngazi ya juu zaidi. Kamati za uhandisi mara nyingi hutosheka na miaka ya kuongoza kazi viwandani. Carl von Linde, aliyefundisha Munich, aliacha uprofesa mwaka 1879 akaanzisha kampuni ya mitambo ya barafu, na baadaye akarudi Munich. Mwanafunzi wake Rudolf Diesel alianzia kazi katika shughuli hizo za barafu kabla ya kubuni injini yake.

Wanaobaki chuoni hubanwa na sheria ya mwaka 2007: kwa jumla miaka sita ya mikataba ya muda kabla ya uzamivu, na sita baada yake. Mwaka 2021 video ya serikali iliyoisifu sheria hiyo, ikisema inazuia kizazi kimoja kuziba nafasi zote, iliamsha hasira kubwa ya watafiti, na haki ilikuwa upande wao. Chuo cha Munich kilikuwa kimeanza mwaka 2012 kuajiri maprofesa vijana wanaoweza kuthibitishwa kazini palepale.

Kiti kikiwa wazi, kamati hupanga majina, mara nyingi matatu, kisha wito hutumwa kwa wa kwanza. Aliyeitwa hakubali papo hapo. Hujadiliana juu ya vyumba, mitambo na idadi ya wasaidizi, na mwenye wito wa chuo kingine mkononi huutumia kupandisha dau. Akikubali, hutoa mhadhara wa kuingia. Akistaafu, wanafunzi wake wa zamani huweza kukusanyika kwa kongamano la kumuaga, na chuo huamua upya iwapo kiti kitatangazwa kwa fani ileile au kitapewa nyingine.