Juu ya Maneno ya Kuchorea Mboga kwa Rangi ya Mafuta

Iko namna ya picha ambayo Kiswahili bado hakijaipa jina la kutosheleza, nayo ni picha ndogo ya vitu vya nyumbani vilivyowekwa pamoja ili vichorwe: nyanya tatu, biringanya moja, kitita cha mchicha. Wadachi huiita stilleven, yaani maisha yaliyotulia. Wafaransa huiita nature morte, yaani maumbile yaliyokufa. Wahispania huiita bodegón, neno litokalo katika bodega, ambayo ni ghala ya vyakula na mvinyo. Wawili wa kwanza walitazama hali ya vitu, bali Wahispania walitazama mahali vitokapo, na kwa Kiswahili njia yao yaelekea kuwa na manufaa zaidi.

Tafsiri ya Kifaransa haifai kitu. Asikiaye "maumbile mafu" hafikirii nyanya, afikiria mzoga. "Picha tuli" ni afadhali, walakini wapiga picha wamekwisha kuwa na "picha mnato", na picha yoyote isiyokuwa ya sinema ni tuli, hata ikiwa ya farasi akimbiaye.

Neno lihitajiwalo liko sokoni. Huko Kwala, kata ya Wilaya ya Kibaha iliyo kando ya reli ya kati, kama katika vijiji vya Kisarawe, muuza mboga aghalabu hapimi nyanya kwa mizani, huzipanga mafungu. Nyanya tatu au nne huwekwa chini zikibanana, moja hutuama juu yake, na upande uliopasuka hugeuzwa usionekane na mnunuzi. Kazi hiyo ndiyo aifanyayo mchoraji kabla ya kushika brashi: kuchagua, kukaribisha, kuinua kimoja juu ya vingine, kuficha. Tofauti ni kwamba mchoraji huenda akaigeuza ile nyanya iliyopasuka ielekee mbele. Kwa hiyo "picha ya fungu" ni jina litakaloeleweka bila kufasiriwa. Ni kweli kwamba fungu ni pia sehemu ya urithi, tena ni mchanga uliojitokeza baharini, kama Fungu Yasini mbele ya Dar es Salaam. Lakini katika maana zote hizo mna wazo la kitu kilichokusanyika kikatengwa na vingine, na ndivyo ilivyo picha hii.

Kitenzi nacho chataka uangalifu. Kuchora ni kwa mstari, uwe wa kalamu, wa mkaa ukutani au wa kisu juu ya mti. Kupaka ni kwa kitu kienezwacho, kama rangi, dawa au siagi. Picha ya mafuta kwa hakika ni kazi ya kupaka, walakini mpaka rangi ni fundi wa nyumba, na mwenye picha ataendelea kuitwa mchoraji. Hata "rangi ya mafuta" kwa watu wengi ni ile ing'aayo ya milango na madirisha, ipambanuliwayo na rangi ya maji ya kuta. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za namna hiyo juu ya vipande vya mraba vya ubao mwembamba. Sam Ntiro, aliyesoma Makerere na kisha Slade huko London, alitumia rangi za mafuta za wachoraji. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wapelekao pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku, imo katika Museum of Modern Art, New York. Kiswahili huwaweka wote wawili chini ya jina moja, wala hakuna dhara kubwa. Atakaye kupambanua na aseme "rangi ya mafuta ya kitani", kwa kuwa mafuta ya wachoraji aghalabu hukamuliwa katika mbegu za kitani.

Mafuta hayo hayakauki kama maji, kwa kuruka hewani; huvuta hewa yakagandamana, na jambo hilo huchukua siku nyingi. Mboga hazingoji. Mchicha huanza kunyauka siku ile ile, muhogo uliochimbwa hupata mistari ya buluu na nyeusi ndani kwa siku mbili tatu, na boga huweza kumsubiri mchoraji mwezi mzima. Ndiyo maana yafaa kuanza na majani, tena picha iwe ndogo. Adriaen Coorte, Mdachi, alichora kitita cha asparagasi mwaka 1697 katika eneo la sentimita 25 kwa 20.5 tu. Hapa Kiswahili si maskini hata kidogo: jani hunyauka, ngozi ya biringanya husinyaa, rangi hufubaa, nyama ya tunda huoza. Tena -bichi hutumika pande zote mbili, maana nyanya mbichi haijaiva, na rangi mbichi haijakauka, kama nguo mbichi iliyo kambani. Mwalimu asemaye "usiiguse, ni mbichi" hana budi kuonyesha kwa kidole.

Penye ugumu hasa ni majina ya rangi. Yaliyo sifa kamili, yenye kupatana na ngeli, ni matatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Mengine mengi yameazimwa kwa vitu, tena vya bustani na jikoni: kijani, manjano, zambarau, kahawia, rangi ya chungwa, maji ya kunde. Hivyo achoraye biringanya husema ni la zambarau, akilipa tunda moja jina la jingine. Bamia, tembele na ndimu zote ni za kijani, na mwalimu huishiwa maneno. Muuza mboga haishiwi, kwa kuwa hataji rangi. Nyanya ya kijani kwake ni mbichi, basi. Mtoto hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na afikapo sekondari hupewa maneno ya Kiingereza, hata haya machache aliyokuja nayo yakaachwa mlangoni. Lakini lugha yenyewe imekwisha kuonyesha njia iliposema "kijani kibichi". Kutoka hapo si mbali kufika kijani cha bamia, kijani cha tembele, kijani cha ndimu. Na kwa bamia iliyolala sokoni siku mbili, kijani kilichofubaa.