Ujerumani yalegeza breki ya madeni: Nani anufaika, nani abanwa?

Kwa zaidi ya muongo mmoja, Ujerumani ilijivunia nidhamu yake ya fedha, huku ikiwahimiza majirani zake wa Ulaya waifuate. Machi 2025 nchi hiyo ilibadilisha katiba yake ili iweze kukopa fedha nyingi zaidi kwa ajili ya ulinzi. Uamuzi huo ulimaliza mvutano mmoja na kuzua mwingine: ni matumizi gani yanayostahili kuitwa ya usalama?

Breki ya madeni ni nini?

Kanuni inayojulikana kama breki ya madeni iliingizwa katika katiba mwaka 2009, baada ya msukosuko wa fedha duniani. Inaizuia serikali kuu kukopa, katika hali ya kawaida, zaidi ya asilimia 0.35 ya pato jumla la taifa kwa mwaka. Kwa uchumi wenye ukubwa wa Ujerumani, kiwango hicho ni takribani euro bilioni 15. Kinaweza kuvukwa pale tu bunge linapotangaza hali ya dharura, kama ilivyokuwa wakati wa janga la corona.

Watetezi wake husema kanuni hiyo inawalinda watoto wasirithi mzigo wa wazazi. Wakosoaji hujibu kwamba watoto hao hao wanarithi madaraja mabovu, reli zinazochelewesha abiria na jeshi lisilo na vifaa.

Vita vilivyobadilisha hesabu

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, Kansela Olaf Scholz alitangaza mfuko maalumu wa euro bilioni 100 kwa ajili ya jeshi. Mfuko huo ulikuwa njia ya kuizunguka breki bila kuiondoa. Lakini Novemba 2023 Mahakama ya Katiba ilibatilisha uamuzi wa serikali wa kuhamishia katika mfuko wa tabianchi idhini ya kukopa euro bilioni 60, iliyotolewa awali kwa ajili ya janga la corona. Pengo hilo la bajeti lilichochea ugomvi uliodumu mwaka mzima, hadi Novemba 2024, Scholz alipomfuta kazi waziri wake wa fedha, Christian Lindner, na muungano wao ukavunjika.

Friedrich Merz, ambaye chama chake cha CDU pamoja na chama ndugu cha CSU kilishinda uchaguzi wa Februari 2025, alikuwa ameitetea breki hiyo wakati wa kampeni. Wiki chache baadaye alibadili msimamo, wakati Marekani chini ya Rais Donald Trump ikiwa imetia shaka utayari wake wa kuendelea kuilinda Ulaya.

Kulikuwa na kikwazo. Katiba haibadilishwi bila theluthi mbili ya kura, na katika bunge jipya vyama vya AfD na Die Linke vilikuwa na zaidi ya theluthi moja ya viti. Kwa hiyo mabadiliko yalipitishwa na bunge lililokuwa likimaliza muda wake, Machi 18, kwa kura 513 dhidi ya 207. Chama cha Kijani kiliunga mkono baada ya kuhakikishiwa euro bilioni 100 kwa ajili ya tabianchi, kutoka katika mfuko mpya wa miundombinu wa euro bilioni 500.

Mpaka wa neno usalama

Sasa matumizi ya ulinzi yanayozidi asilimia moja ya pato la taifa hayahesabiwi katika breki. Msamaha huo unahusu pia ulinzi wa raia, idara za ujasusi, usalama wa mitandao, na msaada kwa mataifa yaliyoshambuliwa kinyume cha sheria ya kimataifa.

Misaada ya maendeleo haimo. Inabaki katika bajeti ya kawaida, ikigombania fedha na pensheni, elimu na riba. Riba pekee, iliyokuwa takribani euro bilioni 4 mwaka 2021, ilizidi bilioni 30 mwaka 2024. Bajeti ya wizara ya maendeleo nayo ilishuka kutoka takribani euro bilioni 11.2 mwaka 2024 hadi bilioni 10.3 mwaka 2025. Kwa nchi kama Tanzania, ambako Ujerumani imefadhili kwa miaka mingi miradi ya maji na afya, tofauti hiyo si ya makaratasi tu.

Hapo ndipo mjadala ulipo leo. Wapo wanaosema kwamba bila jeshi imara hakuna kingine kitakachosalia cha kulindwa. Wengine wanaonya kwamba njaa na migogoro inayopuuzwa mbali na Ulaya hatimaye hubisha hodi mlangoni pake. Serikali ya Merz imeunda tume ya wataalamu kuichunguza upya breki hiyo, lakini marekebisho yoyote yatahitaji tena theluthi mbili ya kura, safari hii katika bunge ambalo wapinzani wake wana nguvu ya kuyazuia.