Manono: Lithiamu ipo, madiwani wa kuisimamia hawapo

KALEMIE – Mji wa Manono ulizaliwa na bati. Kampuni ya Géomines ilichimba huko enzi za ukoloni wa Ubelgiji, ikajenga na bwawa la umeme la Piana Mwanga katika mto Luvua. Vita viliharibu mengi. Sasa lithiamu imeurudisha mji huo midomoni mwa watu, huku AVZ ya Australia na Zijin ya China zikivutana juu yake.

Wenyeji wanayo haki yao kisheria. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa miji, komuni, sekta na utawala wa machifu palipo na mgodi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampuni hutoa pia asilimia 0.3 ya mauzo kwa maendeleo ya jamii.

Ni nani atakayezihesabu fedha hizo? Sheria ya mwaka 2008 inataka kila komuni iwe na baraza lililochaguliwa. Lakini Desemba 2023 wananchi walichagua madiwani wa komuni katika miji mikuu ya majimbo pekee. Kalemie, makao makuu ya Tanganyika tangu 2015, ilipiga kura hiyo, Manono haikupiga.

Hivyo, penye mgodi, bajeti hubaki mikononi mwa viongozi ambao raia hawawezi kuwaondoa kwa kura.